Misimu minne ya kutafuta pasi moja ya skii

Kwenye mlango wa jokofu letu tumebandika kalenda ya karatasi. Zamu zangu za hospitali nimezizungushia wino mwekundu, siku za kufungwa shule nimezipaka njano, na pembeni kwa penseli kuna herufi: C, W, P, J. Hizo ni milima. Nimefika kwenye herufi hizo baada ya misimu minne ya baridi na pesa nyingi kuliko zilizohitajika. Kila Machi, pasi za msimu ujao, yaani kadi unazolipia mara moja ili ucheze skii (kuteleza kwenye theluji) msimu mzima, zinapoanza kuuzwa, lazima ndugu au rafiki anipigie simu kuuliza anunue ipi. Nimeona bora niandike yote mahali pamoja.

Tunaishi Manchester, New Hampshire, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ndani ya mji wenyewe kuna kilima cha skii kiitwacho McIntyre, kidogo, kinachowashwa taa usiku, na hapo ndipo wanangu wawili, Zawadi na Imani, walipoanza. Mimi nilianza pamoja nao nikiwa na miaka 37, kwa sababu nilichoka kusimama chini nikipigwa na baridi huku wenzangu wakifurahi juu. Siku niliyoshuka kilima chote bila kuanguka, Zawadi, wakati huo ana miaka saba, alinisubiri chini akanikumbatia kiunoni kwa nguvu kama vile mimi ndiye mwanawe. Tangu siku ile nimekuwa nikiisubiri Desemba kwa hamu.

Lakini kilima kimoja kina mwisho wake. Mtoto akishazoea njia zenye alama ya duara la kijani anataka za mraba wa buluu, na akishazipata anauliza habari za almasi nyeusi. Tukaanza kutazama milima mikubwa, na hapo nikakutana na bei ya tiketi ya siku moja. Tiketi ya dirishani, ile unayonunua mlimani siku ileile, asubuhi ya Jumamosi, kwa mzazi mmoja na watoto wawili, inaweza kumeza mshahara wa zamu nzima. Nikaambiwa na dada mmoja kazini: "Hakuna mtu anayecheza skii mara kwa mara kwa kununua tiketi ya dirishani. Tafuta pasi."

Ni kweli, na inafaa kuelewa ni kwa nini, maana ukielewa utajua unauziwa nini. Zamani pasi ya msimu ilikuwa ya mlima mmoja, na kwenye milima mikubwa ilikuwa ghali. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ikatoa Epic Pass kwa dola 579, pasi moja ya kuingilia milima yake yote. Miaka kumi baadaye, 2018, kampuni ya Alterra ikaja na Ikon Pass. Mwaka 2019 ikazaliwa Indy Pass, iliyoanza kwa dola 199, ikiwakusanya wenye milima huru ambao hawakuwa chini ya kampuni hizo mbili, na kumpa mwenye pasi siku mbili kwenye kila mlima. Zote zinauzwa kabla ya theluji. Kampuni inapokea pesa yako mapema, na baridi ikija bila theluji, hasara mnagawana. Ili watu wakubali kulipa mapema, tiketi ya dirishani imepandishwa mpaka pale Vail kwenyewe, Colorado, siku za msongamano imevuka dola 300. Kwa hiyo ile pasi inayoonekana rahisi, urahisi wake unapimwa dhidi ya bei ambayo wao wenyewe wameipandisha. Kaa nalo hilo unapotazama tangazo.

Machi 2021 Vail Resorts walishusha bei za pasi kwa asilimia 20. Epic kamili ikawa dola 783. Nilikaa usiku mmoja baada ya zamu, buti za kazi bado miguuni, nikisoma orodha ya milima: Whistler Blackcomb kule Kanada, Park City kule Utah, Breckenridge, Vail. Nilihesabu milima na kugawanya bei kwa idadi yake, na kwa hesabu hiyo kila mlima ulikuwa karibu bure. Nikaweka malipo ya awali ya dola 49, yaliyobaki yakakatwa msimu wa vuli.

Msimu wa 2021–22 nilitumia pasi ile siku sita. Nne Mount Sunapee, moja Crotched, moja Okemo, Vermont. Dola 783 kwa siku sita ni zaidi ya dola 130 kwa siku. Hiyo siyo nafuu kwa mtu yeyote. Na kilichoniuma ni kwamba kulikuwa na pasi ya kanda, ya milima ya Kaskazini-Mashariki peke yake, kwa dola 479, na milima yote mitatu niliyoikanyaga imo ndani yake. Tofauti ya dola 304 nililipia majina ya mahali ambako sikuwa na tiketi ya ndege ya kwenda.

Hapo ndipo nilipoigeukia kalenda. Nilikaa mezani na Baba Zawadi, tukaanza kuhesabu asubuhi. Naziita asubuhi kwa sababu huku New England, yaani majimbo haya ya kaskazini-mashariki, siku ya skii inaanzia kitandani. Lifti, yaani viti vya waya vinavyotupandisha mlimani, zinafunguliwa saa mbili na nusu au saa tatu, theluji nzuri iliyosawazishwa usiku inaharibika kabla ya saa sita, na jua la Februari linazama mapema. Usipoondoka nyumbani gizani, umelipia siku nzima na kupata nusu.

Msimu wetu wa uhakika unaanzia katikati ya Desemba na kuishia mwisho wa Machi. Hizo ni wikendi kama kumi na tano. Mimi nafanya kazi wikendi moja, napumzika moja. Zinabaki saba. Jumapili ni ya ibada, kwa hiyo saba hizo ni Jumamosi saba. Toa moja ya Krismasi. Toa moja ya mafua, maana lazima itakuwepo. Toa moja ya mvua. Tukabaki na Jumamosi nne za familia, na kando yake siku zangu za katikati ya wiki ambazo watoto wako shuleni, labda nane au kumi kwa msimu kama mwili unaruhusu baada ya zamu.

Baba Zawadi aliitazama ile namba akasema, "Mama Zawadi, sisi hatuhitaji milima arobaini. Tunahitaji Jumamosi nne zisizoharibika."

Sikuwahi kusikia mtu akilieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo, na tangu hapo nachagua pasi kwa kuuliza: ni ipi itakayozilinda zile asubuhi?

Kitu cha kwanza kinachoziharibu ni barabara. Nilichukua karatasi nikaandika muda wa kuendesha kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye maegesho, kwa mwendo wa mtu anayeheshimu barafu. Pats Peak, dakika arobaini. Crotched, dakika hamsini. Mount Sunapee, saa moja kasoro kidogo. Waterville Valley, saa moja na robo. Loon, karibu saa moja na nusu. Cannon, saa moja na nusu. Attitash, saa mbili. Wildcat zaidi kidogo. Stowe na Jay Peak, karibu saa tatu. Sunday River, Maine, saa tatu. Sugarloaf, saa nne. Kisha nikachukua kila pasi na kukata mlima wowote uliozidi saa mbili, isipokuwa kama tungelala huko. Ramani ikabadilika kabisa. Mfano mzuri ni New England Pass ya kampuni ya Boyne, inayounganisha Loon, Sunday River na Sugarloaf. Ni milima mizuri kweli, na mtu anayeishi Portland, Maine, ana haki ya kuisifu. Kwangu mimi ilikuwa pasi ya mlima mmoja. Ikon ilikuwa karibu vilevile: Loon upande wangu, kisha Stratton, Killington na Sugarbush huko Vermont. Epic ilikuwa imekaa vizuri zaidi kwa mtu wa Manchester, kwa kuwa Sunapee, Crotched, Attitash na Wildcat zote ziko ndani ya New Hampshire. Anayeishi Burlington, Vermont, akifanya zoezi hili hili atapata jibu lingine, na litakuwa sahihi kwake.

Kwa hiyo msimu wa pili, 2022–23, nilinunua pasi ya kanda. Nilijua barabara. Sikuijua kalenda ya wauzaji.

Februari 2023, Jumamosi ya wikendi ya Presidents' Day (sikukuu ya marais wa Marekani), ilikuwa moja ya Jumamosi zangu huru. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Watoto wamevaa tayari, helmeti mapajani, uji kwenye chupa. Tulifika, tukafunga buti, tukatembea na skii mabegani hadi kwenye lango la lifti. Langoni hakuna anayekagua karatasi siku hizi. Kadi inakaa mfukoni na mashine inaisoma. Taa ya Zawadi ikawaka nyekundu. Ya Imani nyekundu. Yangu nyekundu. Kijana aliyesimama pale alikuja na mashine yake ya mkononi, akasoma, akasema kwa upole, "Samahani, pasi hizi hazifanyi kazi leo. Ni siku iliyozuiwa."

Mlima wenyewe sitautaja, kwa sababu kosa halikuwa lao. Tarehe zilikuwa zimeandikwa. Mimi nilisoma orodha ya milima mara ishirini na jedwali la tarehe sikulifungua hata mara moja. Tiketi za siku ile kwa watu watatu zilikuwa bei ambayo nilishindwa kuitamka mbele ya watoto. Tulirudi garini. Imani, mwenye miaka saba, hakulia. Alikaa kimya na helmeti kichwani mpaka nyumbani, saa nzima, na kimya kile bado nakikumbuka.

Pasi za bei nafuu karibu zote zina siku zilizozuiwa. Kwa kawaida ni siku za kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, wikendi ya Martin Luther King mwezi Januari, na wikendi ya Presidents' Day mwezi Februari. Mara nyingine zinazuiwa kwenye baadhi ya milima tu na mingine iko wazi, ndani ya pasi ileile. Sasa nafanya hivi: kabla ya kulipa, naziandika tarehe zote zilizozuiwa kwenye kalenda ya jokofuni, juu ya zamu zangu. Kama zinaangukia wikendi ninazofanya kazi, hazinigharimu kitu, na pasi ya nafuu inanitosha. Kama zinaangukia wikendi zangu huru, bei ya kweli ya pasi ile imepanda.

Na kuna jambo wakazi wengi wa hapa hawalitumii. Shule za Massachusetts na Maine hufunga wiki ile ya Presidents' Day. Shule nyingi za New Hampshire hufunga wiki inayofuata. Tarehe zilizozuiwa zinalenga wikendi ya sikukuu yenyewe. Maana yake watoto wetu wako likizo siku za Jumatatu hadi Ijumaa ambazo pasi ya nafuu iko wazi, na umati wa Boston umesharudi kazini. Mwaka ule tulikwenda siku tatu katika wiki hiyo. Tulipanda lifti bila foleni ya maana, na Zawadi alishuka almasi nyeusi yake ya kwanza, polepole, akisimama kila baada ya mizunguko mitatu kunitazama. Zile Jumamosi nne za familia zikawa siku saba, kwa pasi ileile.

Tatizo la pili nililigundua taratibu: milima yangu ya karibu yote ni ya kusini. Hapa New England mvua na theluji zinagawana jimbo. Dhoruba moja inaweza kunyesha mvua Manchester na Henniker, uliko mlima wa Pats Peak, ikaangusha barafu katikati, na kumwaga theluji Franconia kule kaskazini. Pasi ya kanda yenye milima mitatu iliyo mahali pamoja inakupa mlima uleule mara tatu. Mvua ikiupiga mmoja imeipiga yote. Nilichohitaji ni milima iliyotawanyika kando ya barabara moja, mmoja wa chini na karibu, mmoja wa kati, mmoja wa juu kaskazini, na yote ndani ya saa mbili. Barabara hiyo ninayo: ni I-93, inayopanda kutoka Manchester, inapita njia ya kwenda Waterville Valley, inapita Loon, na kuingia Franconia Notch chini ya Cannon.

Ndiyo sababu msimu wa 2023–24 nilihamia Indy Pass. Mwanzoni niliidharau kwa ajili ya siku mbili kwa kila mlima. Kalenda ilinisahihisha. Mtu mwenye Jumamosi nne na siku chache za katikati ya wiki, siku mbili Cannon, mbili Waterville Valley, mbili Pats Peak, na mbili Jay Peak za kulala huko, zinamtosha na kubaki. Ukitaka siku ya tatu unapata punguzo. Kuna masharti ya kuangalia: mauzo hufungwa idadi ya pasi ikifika, kwa hiyo anayengoja Oktoba anaweza kukosa, baadhi ya milima ina siku zake zilizozuiwa, na mingine inataka uweke nafasi kabla ya kwenda.

Kwa Zawadi nilipata kitu bora zaidi, na ningependa kila mzazi wa huku akijue. Chama cha Ski New Hampshire kinatoa pasipoti ya watoto wa darasa la nne na la tano. Mtoto anapata tiketi moja katika kila mlima unaoshiriki, karibu jimbo zima, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na pasi yoyote. Hahitaji kuwa mkazi wa New Hampshire. Vermont na Maine nao wana mipango yao ya umri wa karibu na huo. Nimekutana na wazazi walionunua pasi kamili za watoto wa miaka kumi kwa sababu hakuna aliyewaambia. Soma tu tarehe, maana nayo ina siku zake zilizozuiwa.

Msimu ule ulianza vibaya. Tarehe 18 Desemba 2023 mvua kubwa ilipiga New England, mito ikafurika, na Sunday River kule Maine ikakumbwa na mafuriko mpaka barabara zake zikaharibika. Watu wenye pasi za mlima mmoja walikaa na kusubiri. Sisi tulichunguza tabiri za hewa usiku wa Ijumaa, tukaona baridi imerudi juu ya Franconia na mashine za kutengeneza theluji zinafanya kazi, tukaenda Cannon.

Cannon ni mali ya jimbo la New Hampshire. Ndipo lilipojengwa gari la waya la kwanza la kupandisha abiria mlimani katika Amerika ya Kaskazini, mwaka 1938, na kilele chake cha futi 4,080 ndicho cha juu kuliko vilele vyote vya skii jimboni. Ni mlima mgumu, wa baridi kali, na mimi naupenda kuliko yote. Jumanne moja ya Januari nilipanda kiti cha lifti na mzee mmoja, ndevu zimeganda. Aliniambia anakuja karibu kila juma, bure, kwa kuwa wakati huo mkazi wa jimbo aliyefika miaka 65 alikuwa haruhusiwi kulipa hapa siku za kazi zisizo za sikukuu. Alisema "haruhusiwi" kwa fahari, na sikumpinga. Nikamweleza hesabu zangu za barabara na tarehe. Alisikiliza, kisha akaniuliza, "Na upepo umeuandika wapi?"

Sikuwa nimeuandika. Akanionyesha kwa fimbo yake ya skii upande wa kaskazini-magharibi, bonde lililo wazi, akaeleza kwamba upepo ukitoka pale na kuzidi kiasi, lifti za juu zinasimamishwa, na utabaki na njia za chini wewe na kila mtu aliyeendesha saa mbili kufika. Wildcat, alisema, ni vivyo hivyo, maana imekaa mkabala na Mount Washington, mlima ambao mwaka 1934 ulipimwa upepo wa maili 231 kwa saa. Siku kama hizo nenda kwenye kilima kifupi chenye miti. Tulipofika juu alinitakia heri akashuka upande wa njia ngumu, na sikumwona tena siku ile.

Tangu hapo nasoma mambo matatu usiku wa kuamkia safari: mvua inaishia wapi, upepo unatoka wapi, na umati unatoka wapi. Upepo mkali wa kaskazini-magharibi, tunakwenda Pats Peak, ambako kilele ni cha chini na lifti hazisimami kirahisi. Mvua kusini, tunapanda mpaka Cannon. Siku tulivu ya katikati ya wiki, Waterville Valley, kwa mteremko mrefu wa buluu ambao Imani anaweza kuurudia mara kumi. Na mwishoni mwa Machi 2024, ilipoanguka theluji nzito wakati wengi wameshaweka skii stoo, tulikuwa na siku mbili za Jay Peak bado hazijaguswa, karibu na mpaka wa Kanada. Tulilala huko. Theluji ilifika magotini mwa Imani. Sijui niielezeje sauti ya mtoto anayecheka huku amezama nusu.

Kuhusu pesa, kipimo changu sasa ni rahisi: pasi inajilipa siku ya ngapi? Chukua bei ya pasi, igawanye kwa bei ya tiketi ambayo ungeilipa kweli, ukinunua mtandaoni siku chache kabla, siyo ile ya dirishani ya kutisha. Pasi ya dola 480 na tiketi ya dola 96, siku ya tano imejilipa. Kama kalenda yako ina asubuhi nne, acha. Kama ina kumi na mbili, nunua bila kusita, na nunua katika majira ya kuchipua kabla bei haijapanda. Kwa anayepumzika katikati ya wiki, uliza pasi ya Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka 2021 ile ya Kaskazini-Mashariki ilikuwa dola 359, na kama ningekuwa nakwenda peke yangu ingekuwa jibu langu tangu mwanzo.

Soma pia masharti ya kurudishiwa pesa. Machi 2020 karibu milima yote ilifungwa kwa ajili ya korona na watu wakabaki na pasi zisizo na kazi. Baada ya hapo kampuni kubwa zikaandika upya masharti, na baadhi zinarejesha sehemu ya pesa ukiumia au ukipoteza kazi. Muuguzi mwenzangu alivunjika kifundo cha mkono Desemba na akarejeshewa, kwa sababu alikuwa ameyasoma na kutunza karatasi za daktari.

Msimu wa 2024–25 ulikuwa wa kwanza nisiobadilisha kitu. Indy kwa mimi na Imani, pasipoti ya darasa la tano kwa Zawadi, na Baba Zawadi, ambaye miguu yake bado haiziamini skii, alinunua tiketi za siku moja moja McIntyre na kujifunza taratibu. Nilicheza siku kumi na tatu. Jumamosi za familia zilikuwa tano, na hakuna hata moja iliyoishia langoni.

Sasa pasipoti ya Zawadi imekwisha. Anaingia darasa la sita, na Imani anaingia la nne, kwa hiyo pasipoti inahama kutoka kwa dada kwenda kwa mdogo wake, na hesabu zote zinabadilika tena. Juzi nilirudi kutoka zamu ya usiku nikamkuta Zawadi ameteremsha kalenda kutoka jokofuni na kuitandaza mezani. Amechora safu tatu: barabara, upepo, siku zilizozuiwa. Kwenye safu ya kwanza amekata milima miwili ya Vermont. Chini ya Cannon ameandika "hapana Januari," kisha akayafuta maneno hayo, akaandika "Januari kama hakuna upepo."

"Mama," akasema bila kuinua kichwa, "wikendi zako za Februari ni zipi?"

Nikavua koti, nikakaa, nikaanza kumsomea tarehe.